Hukumu Imetoka, Tantine

Tantine Kavugho,

Hukumu imetoka. Nakuandikia hilo kabla hata ya kukusalimu, maana najua ungenikatiza: "Masika, salamu ni ya nyuma, sema kwanza." Basi nimesema. Mahakama ya Beni imefuta uamuzi wa ofisi ya serikali ya kuifunga nyumba yako ya mayatima. Wewe si mwizi. Imeandikwa, imepigwa mhuri, na imesomwa kwa sauti mbele ya watu wote, na jina lako limetamkwa vizuri, si kama yule agent, mkaguzi wa ofisi, alivyokuwa akilitafuna.

Ulipaswa kuwa pale. Kila mara mlango wa mahakama ulipofunguka niligeuka kutazama, mjinga mimi, kana kwamba umechelewa tu njiani.

Sijatulia tangu siku ile. Leo nimefagia ua asubuhi, nikaufagia tena kabla ya mvua, na mvua ilipoanza nikasimama mlangoni na ufagio mkononi bila kujua naushikia nini. Nikajiambia nikae nikuandikie, labda miguu itapumzika.

Nianze na kesi, maana uliiacha katikati.

Unakumbuka siku gari la ofisi lilipoingia kwenye njia yetu. Mimi nilikuwa nakoroga uji, wewe unamsuka Kahindo nywele. Tulisikia injini inapanda mlima. Watoto walishajua. Ni wewe uliyewafundisha: gari likija, kila mtoto na mlango wake. Kambale kwa Mama Asifiwe, Kahindo kwa Papa Ramazani mwenye lori, wale mapacha kwa mama muuza majani ya sombe, na wengine hivyohivyo, mpaka nyumba ikabaki na sisi wawili na sufuria inayochemka. Hata Kahindo alikimbia na nusu ya kichwa kimesukwa.

Na majirani nao walishajua la kusema. Mtu wa gari akiuliza, jibu lilikuwa moja: "Uyu mutoto ni wa kwangu."

Sikulaumu, Tantine. Nani angekulaumu? Wale watu wenye bunduki walipokuja na gari lao kabla ya hapo, jina la baba yake Kambale midomoni, walimkuta mtoto amekaa jikoni kwa Mama Asifiwe, mikono ndani ya ungo wa maharagwe, na mama mwenyewe anamgombeza kwamba anachambua vibaya. Walimtazama, wakamruka, wakaenda zao. Kwa uongo ule Kambale yuko hai.

Lakini agent wa ofisi hakuwa na bunduki, alikuwa na kalamu. Alikuja kuona kama unga na maziwa ya serikali yanaingia kwenye matumbo ya watoto, na hakuona tumbo hata moja. Akapita mlango kwa mlango, akauliza. Na mlango kwa mlango aliambiwa: wa kwangu, wa kwangu, wa kwangu. Tulitaka kucheka na tulitaka kulia. Ulimfuata nyuma ukisema, "Mais, monsieur, ngoja nikuelezee," naye hakugeuka hata kidogo.

Wakakufutia kibali. Wakaifunga nyumba kwa kufuli yao. Wakaandika kwamba watoto ulikuwa unawabuni, na unga wao ulikuwa unaula wewe.

Neno hilo la mwisho ndilo lililokuua, nasema mimi. Daktari alisema kifua. Sawa, kifua. Lakini mimi nilikuwa nawe sokoni siku ile muuza chumvi alipomnong'oneza mwenzake, "Ni yule mwenye alikula unga wa mayatima," nawe ukaweka chini ulichotaka kununua ukarudi nyumbani mikono mitupu. Hukurudi sokoni tena. Ulikuwa unakohoa na kuuliza swali moja tu: "Balinihukumu bila kuniuliza?" Ukaenda Beni kupeleka malalamiko yako mahakamani ukiwa na homa. Watu walikucheka. Nani anaishitaki ofisi wakati wa vita, wakati hata ofisi yenyewe haijui kama mwezi ujao itakuwa chini ya jemadari gani?

Ukafa kabla jaji hajakuita.

Ndugu zako walisema kesi ife nawe. Nikakataa. Nilisema vibaya mbele ya watu wazima, na msamaha siombi.

Papa Ramazani alitubeba kwa lori lake, juu ya magunia, mimi na Mama Asifiwe na wale wamama wengine. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwetu ilifika mpaka Beni, tena kwa vizuizi vya askari kila tulipoinua macho. Niliogopa, nakwambia ukweli. Kwa sababu kesi yetu ilikuwa moja tu: kuwaleta watu mbele ya jaji wakiri kwamba walimdanganya mtu wa serikali, halafu tumwombe jaji awaamini.

Na jaji aliliona hilo mapema kuliko nilivyotaka. Alikuwa mzee mwembamba, anavuta miwani mpaka puani. Agent alisimama kwanza akaeleza: "Nilikwenda, sikukuta watoto, majirani wote walisema watoto ni wao. Basi nilikosea wapi?" Na nilimsikiliza, Tantine, na moyo wangu ukasema, kweli, kwa macho yake hakukosea.

Akaitwa Mama Asifiwe. Unamjua, hata kanisani anaongea kama anaita mtu ng'ambo ya bonde. Jaji akamuuliza, "Ile siku, ulimudanganya agent?"

"Ndiyo, Monsieur le Président," akajibu, maana ndivyo jaji anavyoitwa pale. "Nilimudanganya."

"Juu ya nini? Sababu gani?"

"Juu alikuya na gari."

Watu wakacheka. Jaji hakucheka. Akasema, "Donc kama unadanganya batu, na miye nitakuamini namna gani?"

Mama Asifiwe akamtazama, akamtazama hata mimi nikafumba macho. Kisha akauliza, "Président, na weye ulikuya na gari?"

Chumba kizima kililipuka kwa kicheko. Nilidhani tumekwisha. Lakini yeye aliendelea tu, hakuwa anafanya mzaha: "Ile gari ya kwanza ilitafuta mutoto ya kumuua. Ya pili nayo, nilijua je inatafuta nini? Agent hakusema jina, hakuteremuka na Tantine, hakutuuliza kwa upole. Alisimama tu na karatasi. Kesho gari ikikuya, nitadanganya tena. Andika vile."

Jaji akaandika, wallahi niliona kalamu ikienda. Akamgeukia agent akamuuliza jambo moja: je, kabla ya kufunga nyumba, ofisi ilimwita mwenye nyumba ajieleze? Agent akatafuta kwenye mafaili yake. Akatafuta tena. Akasema, "Non."

Swali lako lilelile, Tantine. Ulilikohoa miezi ile yote, na jaji akaliuliza kwa pumzi moja. Nililia pale, kwa sauti, mpaka mlinzi akaja kunishika bega.

Hukumu ilisema hivi: ofisi haiwezi kumvua mtu kazi yake na jina lake bila kumsikiliza, na maneno ya watu wenye hofu si ushahidi wa kutosha. Uamuzi umefutwa. Kibali kirudi, posho ya unga irudi, nyumba ifunguliwe chini ya mtu uliyemlea kikazi, yaani mimi. Ofisi ina ruhusa ya kuja kukagua upya, safari hii kwa taarifa.

Nilirudi kwetu Butembo nikiimba. Nilifungua kufuli, nikatoa panya, nikafua mikeka yote nikaianika kwenye ua hadi ukuta haukuonekana. Nilimwendea muuza chumvi nikamsomea hukumu mbele ya wateja wake, neno kwa neno. Akaniomba radhi. Nikamwambia radhi apeleke makaburini.

Kesho yake nikawasha moto, nikapika uji wa kwanza, nikasubiri.

Hakuja mtoto.

Uji ukashika ngozi juu. Nikadhani majirani hawajajua kwamba nimeshafungua. Nikateremka mwenyewe kwa Mama Asifiwe, nafuta mikono kwenye kitenge, nimejaa furaha. Kambale alikuwa uani. Aliponiona, Tantine... aliniona vizuri, mimi, Masika, niliyemfundisha kufunga viatu... akakimbia akaingia jikoni, akakaa, akaingiza mikono kwenye ungo.

Nilibaki nimesimama. Mama Asifiwe akatoka mlangoni. Nikamwambia nimekuja kuchukua watoto. Akasema, polepole, si sauti yake ile: "Masika, uyu mutoto ni wa kwangu."

Nikacheka. Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania.

Nyumba ilipofungwa, kila mtoto alibaki pale alipokuwa amejificha. Wangekwenda wapi? Siku zikapita, wewe ukaugua, ukafa, mimi nikashughulika na Beni. Huku nyuma walikula walichokula wenyeji, waliugua malaria wakakeshewa, walichapwa, walinunuliwa nguo za Noeli. Kahindo sasa anamwita mke wa Papa Ramazani mama, na ile nusu ya kichwa iliyobaki ilisukwa na mkono mwingine zamani. Wale mapacha wanabeba sombe sokoni. Mama Asifiwe alikuja Beni kukusafisha jina, na njia nzima alikuwa anaogopa kwamba tukishinda nitamnyang'anya mtoto. Alikuja hivyohivyo. Alisema ukweli hivyohivyo.

Sasa agent anakuja Jumatatu. Ametoa taarifa, kama mahakama ilivyotaka. Atahesabu watoto wasio na wazazi wanaolala hapa, na posho itafuata hesabu hiyo.

Ndiyo maana nafagia ua mara mbili. Wamama wenyewe wameniambia watanikopesha watoto siku hiyo, wakae kwenye mikeka, wajibu kwamba hawana mtu, halafu jioni warudi kwao. Papa Ramazani anasema ni haki yetu, tumeipigania, unga ni unga. Na mimi nimeuona unga ule, Tantine, najua jikoni zile zina nini na hazina nini. Nimekwenda barabarani nikarudi. Nimepanga mikeka nikaikunja. Nilimwita Kambale nikamfundisha la kusema: "Sina mama." Alisema mara ya kwanza, vizuri kabisa, kama mtoto uliyemfundisha wewe. Kisha akaniuliza kama Mama Asifiwe amekufa.

Nikamrudisha kwake mbio, nimemshika mkono, karibu nimburuze.

Basi nimeamua, na kama kule uliko unakasirika, kasirika. Jumatatu nitashuka na agent kwa miguu, mlango kwa mlango. Nitawaambia wenyeji waseme kama walivyosema mara ya kwanza. Naye akigeuka kunitazama nitamwambia safari hii aandike bila shaka yoyote: hakuna yatima hapa, hawa watoto wana mama. Akitaka kutoa unga, autoe kwenye milango hiyo. Asipotaka, nitafungua nyumba asubuhi kwa wamama wanaokwenda shambani waniachie watoto wao, na tutapika kilichopo. Watasema tumeshinda kesi kubwa tukabaki na mikeka. Waseme.

Wasingya, asante, Tantine, kwa kila mlango uliobisha ukiwa hai. Lala, wala usiamke kuuliza habari za kesi. Nakuahidi hili moja: hakuna mtoto wa nyumba yako atakayefundishwa tena na mimi kusema kwamba hana mtu.

Mtoto wako wa kazi,
Masika