Shavu la Kushoto

Mume wangu mpendwa,

Nianze na habari ya uso wangu, maana wewe ndiye uliyekuwa ukiusoma. Uso umekwenda upande. Shavu la kushoto limelala, jicho halifungi vyema, na chai nikiinywa hutoka tena pembeni mwa mdomo ikanidondokea kifuani. Sijui ulianza lini. Kioo nilikifunika nilipokaa eda, na eda ilipokwisha sikuona haja ya kukifunua. Nikienda sokoni huvaa ninja ya kufunika uso. Nikirudi nyumbani, nani wa kunitazama? Mungu hakutujaalia mtoto, nawe umekwenda. Ni ile chai iliyonijulisha.

Nilidhani ni kiharusi, nikaenda hospitali. Daktari akasema la, ni mshipa wa fahamu wa uso, akanipeleka kwa binti mmoja wa tiba ya viungo. Wallahi binti yule alinitazama kama aliyekuja kumposea nduguye!

"Hebu pandisha nyusi, mama."

Ukapanda wa kulia peke yake.

"Jaza pumzi mashavuni."

Pumzi ikavuja. Kisha akaniweka vidole tayani, huku na huku. "Uma meno. Haya, legeza." Akasema misuli ya kutafunia ni mizima, ina nguvu zake. Iliyolala ni ile ya shavu, na isipoamka mapema huenda uso ukabaki hivi hivi.

Hiyo ya tayani waijua. Ulikuwa ukirudi kutoka dukani ukinikuta kimya, wanishika taya kwa vidole viwili. "Umeuma meno, Zuhura. Ni nani alokuudhi?" Mara nyingi alikuwa ni wewe mwenyewe, nami nikacheka bila kutaka.

Tangu tukuzike hakuna aliyenigusa uso. Binti alipoondoa vidole nilitaka kumwambia aviache kidogo. Niko mpweke, mume wangu, sina haja ya kukuficha. Na niliogopa sana, kwa kuwa uso huu ndio uliouzoea, nami sikutaka kuupoteza na wewe hupo.

Jana nilikwenda tena. Akaniweka kidole pembeni mwa mdomo. "Tabasamu, mama." Nikajaribu. "Tena." Nikajaribu hata shingo ikauma. Akafumba macho, akatulia.

"Msuli umegutuka! Kwa macho hauonekani, lakini nimeusikia chini ya kidole. Utarudi, mama, inshallah."

Machozi yalinitoka. Hospitali zote tulizokwenda, wewe hukaa nje kuningojea, tasbihi mkononi. Nikashuka kitandani haraka, viatu sijavaa sawasawa, nikafungua mlango nikwambie. Bibi mmoja aliyekuwa kwenye benchi akanitazama, akasogea kando. Alidhani natafuta pa kukaa.

Mungu akunawirishe uso huko uliko.

Mkeo,
Zuhura