Gari la Babu Huku Wanaliita Marehemu

Kambi ya Wakata Mkonge,
Karibu na Korogwe, Tanga.
3 Juni 2024.

Mpendwa Shangazi Atuganile,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti halikusumbui sana sasa baridi ya Juni imeingia huko Masukulu. Mimi sijambo. Mgongo unauma na mikono imejaa miba ya mkonge, lakini ugali unashuka.

Shangazi, keti kwanza. Nimeliona gari la Babu!

Ndiyo, Landrova ile ile. Unakumbuka baba aliibadilisha kwa ng'ombe kwa mzee Amri wa Tukuyu, naye akahamia nayo kwao Tanga, habari zikaishia hapo. Sasa Jumamosi nilitumwa kunolesha mapanga. Mnyapara akaniambia, "Peleka kwa fundi Farhan, pale kwenye Ndaga." Nikasimama. Miaka tisa sijasikia mtu wa huku akitamka neno hilo. Nikamwuliza, "Ndaga ndiyo nini?" Akanijibu, "Si nini, ni nani. Marehemu mzee Ndaga, mwenye lile gari bovu."

Nilikwenda mbio na mapanga begani, watu wakinipisha njia.

Limelala uani kwa Farhan, halina magurudumu, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Mlango wa nyuma umeandikwa NDAGA, ile G imelala chali kama ulivyokuwa ukitusimulia. Limepakwa rangi mara nyingi, ila kila fundi aliliandika upya neno hilo kwa kuogopa kumfuta marehemu.

Nikacheka hadi nikakaa chini. Nikamwambia Farhan, "Huyo si mtu, bwana. Kwetu ni asante!" Akanitazama weee. "Kumbe miaka yote hii tunairehemu asante?"

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Mwisho wa mwezi huu watu wa vyuma chakavu wanakuja kulikata. Farhan anasema gari la watu halikatwi na wenyewe wapo. Kama ni letu tulichukue, yeye anataka uwanja wake tu. Ila mwezi uliopita alikuja mtu akilia kwamba ni la babu yake, akaondoka na magurudumu yote manne. Kwa hiyo maneno yangu hayamtoshi.

Amekwangua rangi chini ya NDAGA, akakuta maneno mengine mawili madogo. Ameyafunika kwa gunia, hataki niyaone. Mimi siyajui. Wewe ndiye uliyemshikia Babu kopo la rangi. Nikasema nikupigie simu, akakataa: "Kwa simu hata mkeo anaweza kuwa shangazi. Niletee karatasi yenye mwandiko wake."

Basi yaandike hayo maneno mawili. Kama Babu alikosea herufi, nawe kosea hivyo hivyo. Mwanao Obed apande bodaboda hadi stendi ya Tukuyu, aikabidhi bahasha kwa kondakta wa basi la kuja Tanga. Ikichelewa hata siku moja watalikata.

Na nikwambie ukweli, Shangazi. Miaka tisa nimesema sina nauli. Nauli nilikuwa nayo mara kadhaa. Niliona aibu kushuka Tukuyu na begi la nguo kuukuu, wenzangu wameezeka bati.

Maneno yakilingana, mwezi wa saba mtaniona. Lori likikataa kulibeba gari zima, nitakuja na ule mlango wa nyuma, hata kama ni kichwani.

Nisalimie Obed na mkewe Tulia, na dada Jenifer wa Kisondela. Mwambie huku parachichi ninazila ndotoni. Mungu akushike mkono kwenye utelezi wa huko, na akukumbushe vizuri.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye na anayesubiri,

Anyitike Lukasi