Maneno Yako Niliyoyageuza Makambako

Mpendwa Kaka Yeremia,

Kamwene. Sijui lori lilikushusha kambi gani ya mkonge, ndiyo maana naiacha barua hii wazi. Atakayeiona, tafadhali, akusomee.

Tulipokuwa Lupembe ukinisindikiza shule ya misheni, ulitangulia wewe kukanyaga majani yenye sakitu, ile barafu ya alfajiri, ili mimi nipite penye nyayo zako. Miguu yako ikapasuka, yangu ikaja kuvaa viatu vya kazi ya ofisini. Sikumbuki kama niliwahi kukushukuru.

Kisha tukakutana tena Makambako, wewe kibarua wa barabara, mimi mkalimani wa yule Mzungu wa maswali, aliyekuja kuchunguza kwa nini watu wa kambini wanapigana. Unajua mwenyewe jinsi ilivyokuwa: bomba lilikuwa la sisi wa ofisini tu, ninyi vibarua mlichota mtoni, kwenye tope. Siku uliyokinga debe lako bombani nyapara alikuvunja vidole viwili kwa rungu. Wenzako wakamrukia, na kambi nzima ikachafuka.

Ulipoitwa mezani kwa Mzungu, mkono ulikuwa umefungwa kitambaa. Yeye Kiswahili anakijua, Kibena hakijui, basi mimi nikakaa katikati.

Ulisema kwa Kibena, "Tumepigwa kwa ajili ya maji. Huyu mdogo wangu anakunywa pale pale bombani, hapigwi."

Nikaogopa, kaka. Nilijiona nimekwisha kufukuzwa. Nikamwambia Mzungu, "Anasema walikuwa wamelewa ulanzi." Naye akaandika.

Hukunikanusha. Tulipotoka nje ukaniambia, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu, "Nilisema Kibena ili usikose kazi, Zaka." Mimi mjinga nilikuwa nimesahau kwamba ulikwisha kukaa Tanga miaka miwili, hukuhitaji mkalimani. Wiki hiyo hiyo ukapanda lori la manamba wa mkonge, mkono haujapona.

Aibu inanitafuna. Kwa sababu ya neno langu moja ulanzi umepigwa marufuku kambini. Askari wamemwaga vibuyu vyote vya shangazi yetu aliyekuwa akiuuza pale, naye hana kingine cha kuuza. Bomba limezungushiwa seng'enge, na vijana wameanza tena kupigwa pale. Nawasikia kutoka dirishani, nikiwa na kikombe cha maji mkononi.

Jana nilishindwa kuvumilia. Nilikwenda kwa Mzungu nikamweleza yote, hata habari ya viatu vyangu. Akaweka kalamu chini.

"Ulinidanganya wakati ule. Kwa nini nikuamini sasa?"

Nikamwapia kwamba safari hii ni kweli.

"Basi mlete kaka yako aseme mwenyewe."

Nikamwambia sijui uliko. Hapo ndipo alipoishika kalamu tena, akaandika hilo.

Nisamehe, au usinisamehe, hiyo ni haki yako. Lakini rudi, kaka. Mimi siaminiki tena.

Mdogo wako,
Zaka