Bei ya Shati la Elihu

Jumatatu, 1 Mei 1843

Nimempoteza mume wangu. Elihu. Tarehe 19 Machi, bandarini Charleston, kule Kusini, kwa homa. Ndivyo alivyosema nahodha wake, Crowe, mlangoni, kofia mkononi. Wamemzika huko huko. Nahodha hakutaka kuingia. Mabaharia tisa wanalala hapa kwangu, wanataka kula. Nikamenya viazi.

Jumatano, 3 Mei

Nimetandika upande wangu tu wa kitanda. Kisha nikarudi nikatandika na wake.

Nyumba nimeijenga kwa kufua nguo za watu. Ngazi alizipigilia yeye. Ya tatu hulia ukiikanyaga — Elihu huiruka. Kila anayepanda namsikiliza. Wote wanaikanyaga!

Ijumaa, 5 Mei

Pompey Weeks, aliyesafiri naye, amekuja kula. Mizaha yake ile ile: Shemeji, supu hii ina samaki, au samaki alipita tu kuisalimia?

Nikacheka — nikaona shati alilovaa. La sufu, la Elihu. Kiraka cha kiwiko nilikitia mimi.

Pompey alilinunua melini, kwenye mnada wa vitu vya Elihu.

“Kwa ngapi?”

“Senti thelathini.”

Mwiko ukaniponyoka. Baharia akifa, wenzake hununua vitu vyake kwa bei ya kichaa, fedha zimfikie mjane. Buti za marehemu Cato, baharia mwenzao, zimetoboka, zilifika dola nne! Hii ni bei ya mtoro, si ya marehemu.

Pompey akainamia bakuli, akasimulia. Kule Charleston baharia mweusi hufungwa jela mpaka meli yake iondoke. Walifungwa wote. Nahodha akalipa ada ya jela, wakatolewa. Elihu hakuonekana. Nahodha akawaambia katoroka; kwangu kasema homa.

“Atoroke vipi, mlango umefungwa kwa nje?”

“Shemeji, sikuuliza. Nilitaka kufika nyumbani tu.”

Asiyelipiwa huuzwa utumwani. Shati limeuzwa. Na mwenye shati?

Jumamosi, 6 Mei

Gatini, nimeketi juu ya pipa. Crowe anataka kung'oa nanga leo.

Nimemwambia mbele ya watu: kama ni kaburi, nionyeshe nivae nyeusi. Kama ni jela, ada nitalipa mwenyewe. Akasema, mama, nenda nyumbani, ni huzuni hiyo.

“Huzuni ninayo. Na hesabu ninayo.”

Wapakiaji wake kumi na mmoja, wanane wanakula kwangu. Wameweka mapipa chini, wamekunja mikono mpaka anijibu. Pompey amevua shati, amenipakatisha. Bado lina harufu ya lami na ya Elihu.

Crowe yuko pale juu melini, ananitazama nikiandika. Swali langu analo: ulimlipia, au ulimwacha? Neno moja. Kabla ya kengele ya saa sita.