Mstari Mtupu wa Juu

Jumapili, 9 Machi

Shemeji yangu mpendwa,

Sisi wazima, na cherehani hazilali. Nakuandikia kumsifu binti yako.

Unaijua tovuti ya duka aliyoitengeneza marehemu kaka yako. Tangu tuihamishie kwenye seva mpya, mteja akijaza vipimo vya gauni na kubonyeza "tuma", ukurasa unaofuata unamsahau kabisa, unamtaka ajitambulishe upya. Fundi wa kompyuta akashauri tufute yote. Moyo uliniuma. Ile ni kazi ya mikono yake.

Binti yako akaketi, akasoma amri zinazoiendesha tovuti, mara akacheka. "Mama mkubwa, baba mkubwa karuka mstari juu! Seva ya zamani ilivumilia, lakini hii mpya inatuma kwanza huo mstari mtupu, halafu inagoma kufungua kumbukumbu ya mteja."

Unakumbuka kaka yako alivyokuwa akiruka mstari kabla ya kuandika chochote? Eti karatasi ivute pumzi.

"Basi ufute," nikasema kwa shida.

"Nani afute? Nauteremsha tu chini ya amri ya kwanza, hiyo ya kufungua kumbukumbu."

Akajaribu, vipimo vikabaki. Mtoto ana akili huyo, na ana huruma.

Katika barua hii nami nimeruka mstari juu. Ukiuona, mkumbuke, na mimi unikumbuke.

Shemeji yako,
Mama Cherehani