Ubao Uliotazamana na Madawati

Mwalimu wangu, shikamoo.

Leo nimegombana kwa ajili yako. Ungekuwepo ungenivuta shati uniambie, "Keti, wewe moto wa mabua." Sikuketi.

Wanakarabati shule yetu, na mimi nimepewa kuandika historia yake. Kwenye kikao mwenyekiti wa kamati akatangaza kwamba ubao wa Kidato cha Pili ulibandikwa upande wa madirisha kwa kosa la fundi, sasa utarudishwa mahali pake.

Kosa la fundi! Nchi hii ina ugonjwa wa kuita wema kosa.

Nikawaeleza. Wakimbizi walipovuka ziwa kutoka Kongo, walilala madarasani. Kila asubuhi walifagia, wakakunja mikeka, wakaturudishia madawati. Ila waliyapanga yakitazama ziwa, ubao ukabaki mgongoni. Ndugu zao walikuwa bado ng'ambo, na kila mtumbwi ulioingia ulitaka macho. Watoto wao waliosoma nasi wakakataa kugeuka. Kiranja akafoka, "Geuzeni hayo madawati, nyie! Mnasoma samaki?" Tukacheka. Wewe hukucheka. Ulisema taratibu, "Waache. Ubao ndio hauna ndugu ng'ambo." Ukavua koti, ukaomba nyundo, ukauhamishia ubao katikati ya madirisha ya upande wa ziwa.

Tulinung'unika sana, mimi wa kwanza. Jua la alasiri lilitupiga usoni. Hukuurudisha hata walipoondoka.

Mwenyekiti alinisikiliza, kisha akasema, "Ndugu yangu, na hawa watoto wa leo wanaoumia macho?"

Mwalimu, sikubishana. Mimi! Nikawaomba tu twende darasani tukakae. Tukabanana kwenye madawati, watu wazima, magoti yakigonga mbao. Nje mtumbwi wa dagaa ulikuwa unarudi. Hakuna aliyetuambia tutazame, lakini sote tuliutazama mpaka ukagusa mchanga. Nilikukumbuka.

"Mapazia, basi," mwenyekiti akasema. "Ubao ubaki."

Tangu tukuzike kijijini Simbo sijawahi kushinda hoja kwa kunyamaza. Ungenicheka.

Nimeiandika habari hii kwenye historia ya shule, na jina lako limo.

Pumzika, Mwalimu wangu. Mapazia nitayanunua mimi, na fundi cherehani nitamsimamia mwenyewe: ayashone mafupi, mtoto akiinua shingo ayaone maji.