Sahani Tupu Mlangoni kwa Baba

Mama Lusajo mke wangu, ugonile.

Mgongo umepoa? Homa ya Lusajo je? Kakao mmeanika, au mvua bado inawachezea? Mimi mwili mzima, roho ndiyo haijatulia, tangu uliponiambia Baba hatoki nje wiki nzima. Ukikohoa mlangoni anaitika kwa shida, lakini sahani unaikuta tupu, kwa hiyo wote mnasema mzima.

Barua hii nimeiandika kwa mkono makusudi. Naipiga picha leo hii niitume kwenye simu yako, umwoneshe Baba Mdogo mwandiko wangu na sahihi. Ya mdomo atasema umeyatunga.

Kila siku unaniuliza huku Texas kukoje, nami nakudanganya kuzuri. Mji huu ulizaliwa na reli. Treni za mvuke zilisimama hapa kuchukua maji, watu wakajenga kituo, hoteli, maghala ya pamba. Wazungu upande mmoja wa reli, weusi upande wa pili. Zikaja treni za dizeli, hazina haja ya maji. Sasa zinapita tu zikipiga honi. Shule imefungwa, benki iligeuzwa duka la mitumba, nalo likafungwa. Wamebaki wazee, na sisi wageni tunaochinja kuku kiwandani. Bandarini kwetu Itungi nako meli hakuna, lakini jamani, Itungi kuna watu!

Haya alinisimulia Mzee Walter, jirani yangu, mtu mweusi, mgane, aliyefanya kazi relini mpaka kituo kilipofungwa. Kila saa nne asubuhi alikaa barazani na saa yake ya mfukoni, aone kama treni imechelewa. Imechelewa nini, na haisimami? Nilimcheka, kisha nikamkumbuka Baba, anayekataa kuhama bandarini kwenda Mbugani, eti meli zikirudi nani atasimamia magunia.

Alipoanza kuumwa nikawa nampikia wali. Ni mtu wa umri wa Baba, nikaona si adabu kumwingilia chumbani. Nikafanya kama wewe: naweka sahani mlangoni, nagonga, naondoka. Nikitoka kazini naikuta tupu. Nikajiona mtu mwema kweli.

Alhamisi iliyopita nilichelewa kuondoka. Nikamwona mbwa wa mtaani anaula ule wali, hana hata wasiwasi. Nikasukuma mlango. Mzee alikuwa sakafuni, mkono kaunyoosha kuelekea mlangoni. Waliokuja kumchukua walisema alifariki siku mbili zilizopita, na kabla ya hapo alilala pale chini akiwa hai. Mama Lusajo, alinisikia nikigonga! Nimelia kama mtoto, na wali sijaupika tena.

Tulimzika watu wanne. Kaburi lilichimbwa na mashine. Treni ilipita, ikapiga honi, ikaenda zake.

Sasa nisikilize. Miaka kumi na moja hujamtazama baba mkwe wako usoni, hata jina lake hujalitaja, nami nimejivunia heshima hiyo mbele za watu. Leo nakuomba uivunje. Mimi mwanawe wa kwanza nimekuruhusu. Mila ikidai jogoo, achinjwe yule mwekundu. Ikidai ng'ombe, hilo ni langu. Baba Mdogo nimempigia, anasema atapita Jumamosi akitoka Matema, na wewe usithubutu kuingia. Jumamosi ni mbali.

Kuku wetu wanashinda pale mlangoni kwa Baba, na unajua walivyo na njaa. Nani anakula ule wali?

Piga hodi. Asipoitika, ingia. Akiitika, ingia vilevile. Mtazame usoni, mshike mkono, umwambie, "Mwanao ndiye aliyenituma."

Msalimie dada yangu wa Matema, na mama mkwe wangu, mwambie ndaga, asante kwa maombi yake. Lusajo mpe busu. Baba Mdogo msalimie kwa heshima zote, ila ukishatoka ndani, siyo kabla.

Acha kusoma sasa. Nenda.

Mumeo,
Baba Lusajo